HABARI ZA MWALONI: KILA APANDAYE AANDIKWE



Ukurasa huu hukuleteeni habari za mji huu wa ziwani na watu wake. Mwezi huu tutazungumza juu ya jambo moja tu, nalo ni safari za majini. Pia tutazungumza juu ya daftari na kalamu. Pengine utauliza: daftari na mtumbwi vina uhusiano gani? Soma polepole mpaka mwisho, utaona.

MJI WA MAWE NA MAJI

Mwanza uko kaskazini mwa Tanzania, kwenye pwani ya kusini ya Ziwa Viktoria. Mgeni akifika huona kwanza majabali. Yapo juu ya vilima, yapo kati ya nyumba, na mengine yamesimama ndani ya maji. Linalojulikana zaidi ni Jiwe la Bismarck, lililo majini karibu na Kamanga.

Wajerumani walijenga kituo chao hapa mwaka 1892. Reli kutoka Tabora ilifika mwaka 1928. Mwaka 2000 Mwanza ikawa jiji. Lakini kabla ya kituo, kabla ya reli na kabla ya jiji, watu walikuwa wakisafiri ziwani kwa mitumbwi. Ziwa lilikuwa ndiyo barabara yao. Kwa watu wengi wa visiwani, ziwa ni barabara mpaka leo.

Ziwa letu ni kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika. Eneo lake ni kilometa za mraba 68,800 hivi. Karibu nusu ya eneo hilo iko Tanzania. Sehemu nyingine iko Uganda, na sehemu ndogo iko Kenya.

Fika Mwaloni, Kirumba, asubuhi na mapema. Utasikia watu wakisalimiana kwa Kisukuma: "Mwangaluka!" Utasikia pia Kikerewe, Kijita na Kihaya. Mitumbwi na mashua zinafika kutoka visiwani. Zinaleta dagaa wakavu, samaki, ndizi na watu. Wachukuzi wanaingia majini mpaka magotini na kushusha magunia. Akina mama wanashika dagaa kwa kiganja na kutazama kama wana mchanga. Wachuuzi wanauza chai na maandazi. Wafanyabiashara wanatoka mbali, hata Kongo, Rwanda na Burundi, kuja kununua dagaa na samaki wakavu.

Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza. Huwasha taa juu ya maji, na dagaa huja kwenye mwanga. Mwezi ukiwa mkubwa, mwanga wa taa hauvuti dagaa vizuri. Kwa hiyo siku za mbalamwezi wavuvi wengi hupumzika, na wengine hurudi makwao. Siku hizo mashua za abiria hujaa. Hujaa pia siku za gulio, siku za sikukuu na siku za kufungua shule.

Hapo ndipo hatari inapoanza. Watu ni wengi, chombo ni kimoja, na kila mtu ana haraka.

WATU 430, NA WENGINE WASIOANDIKWA

Tukumbushane habari mbili za huzuni. Hatuzikumbushi ili kutonesha vidonda vya waliofiwa. Tunazikumbusha ili tujifunze.

Habari ya kwanza ni ya meli ya MV Bukoba. Meli hii ilisafiri kati ya Bukoba na Mwanza. Iliruhusiwa kubeba abiria 430. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Mei 1996 ilikuwa njiani kuja Mwanza, ikiwa imepitia bandari ya Kemondo. Asubuhi, ilipokuwa inakaribia Mwanza, ikapinduka.

Haikuzama mara moja. Kwa muda ilielea, tumbo juu. Ndani yake mlikuwa na watu walio hai, na mlikuwa na hewa. Watu hao waligonga chuma ili wasikike. Waliokwenda kuwaokoa walitoboa tumbo la meli ili wawatoe. Lakini hewa iliyokuwamo ndiyo iliyokuwa ikiishikilia meli juu ya maji. Tundu lilipotobolewa, hewa ikatoka, maji yakaingia, na meli ikazama.

Watu waliokufa ni zaidi ya 800. Wengi walizikwa Igoma, hapa Mwanza. Makaburi yao yapo mpaka leo, na kila mwaka watu huenda kuwakumbuka.

Sasa sikiliza jambo hili. Abiria wa daraja la kwanza na la pili waliandikwa. Peke yao walikuwa 443, yaani walizidi idadi iliyoruhusiwa. Abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa kabisa. Hao ndio waliolipa nauli ndogo. Ndio wakulima, wachuuzi wa ndizi, wanafunzi na akina mama wenye watoto.

Kwa sababu hawakuandikwa, haikuwezekana kujua idadi kamili ya watu waliokuwa melini. Fikiri maana yake. Mama yuko kijijini. Mwanawe aliaga kwamba anakwenda Mwanza. Je, alipanda meli ile, au aliikosa? Hakuna karatasi yenye jina lake. Mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote amepotea mara mbili. Kwanza amepotea majini, kisha amepotea katika hesabu.

WATU 101

Habari ya pili ni ya kivuko cha MV Nyerere. Kivuko hiki kilivusha watu kati ya Bugolora, kisiwani Ukerewe, na kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101.

Tarehe 20 Septemba 2018 ilikuwa Alhamisi. Ilikuwa siku ya gulio Bugolora. Watu walikuwa wakirudi Ukara na bidhaa zao. Waliopanda walizidi sana idadi iliyoruhusiwa. Kivuko kilipinduka kikiwa kimekaribia gati la Bwisya. Waliokuwa nchi kavu waliona kwa macho yao. Wavuvi walikimbilia mitumbwi yao wakaokoa waliowaweza. Watu 41 waliokolewa. Waliokufa ni zaidi ya 220.

Kutoka ajali ya kwanza mpaka ajali ya pili ni miaka 22. Meli zilikuwa mbili tofauti. Moja ilikuwa kubwa na ilisafiri usiku kucha. Nyingine ilikuwa ndogo na ilikuwa karibu kufika. Lakini katika zote mbili watu walizidi idadi iliyoruhusiwa. Kwa hiyo usiseme, "Safari yangu ni fupi, hakuna hatari." Watu wa Ukara walikuwa wamebakiza hatua chache tu kufika nyumbani.

KWA NINI CHOMBO HUPINDUKA?

Watu wengine husema kwamba ziwa lina hasira. Wengine husema kwamba mtu fulani ametupa mkosi. Ndugu msomaji, unaweza kujionea sababu mwenyewe nyumbani. Fanya jaribio hili pamoja na wanao.

Chukua karai kubwa. Lijaze maji. Chukua bakuli jepesi uliweke juu ya maji. Litaelea. Weka mawe madogo ndani yake, moja moja, katikati. Bakuli litashuka kidogo kwa kila jiwe. Likiwa na mawe machache, litingishe karai. Bakuli litacheza, lakini halitajaa maji.

Sasa ongeza mawe mpaka ukingo wa bakuli ukaribie maji. Tingisha karai tena. Kiwimbi kidogo kitaruka ukingo na kuingia ndani. Maji yakiingia, bakuli linakuwa zito zaidi. Likiwa zito zaidi, maji mengi zaidi yanaingia. Mwisho linazama.

Fanya jaribio la mwisho. Punguza mawe, kisha yasogeze yote upande mmoja kwa ghafla. Bakuli litainama, na linaweza kupinduka hata kama mawe si mengi.

Mtumbwi, mashua na meli hufuata kanuni hiyo hiyo. Uzito ukizidi, ukingo unakaribia maji, na wimbi dogo linatosha kuleta kifo. Watu wakikimbilia upande mmoja, chombo huinama. Watu wakisimama, au mzigo ukipangwa juu sana, chombo hupinduka upesi zaidi. Ndiyo maana kila chombo kina idadi yake. Wataalamu hupima chombo, kisha huandika idadi ya watu na uzito wa mzigo. Idadi hiyo haikuwekwa ili kumnyima mwenye chombo riziki. Iliwekwa ili chombo kifike.

HESABU YA MWENYE MASHUA

Tuchukue mfano. Mashua moja inaruhusiwa kubeba watu 20. Nauli ni shilingi 5,000 kwa kila mtu. Mwenye mashua akibeba watu 20 atapata shilingi 100,000.

Siku ya gulio anaona watu wengi ufukoni. Anabeba watu 32. Amezidisha watu 12. Je, amepata faida gani?

12 mara 5,000 ni shilingi 60,000.

Kwa shilingi 60,000 amewatia hatarini watu 32, mashua yake, injini yake, na nafsi yake mwenyewe. Hakuna duka mjini Mwanza linaloweza kumuuzia mashua na injini kwa shilingi 60,000. Na maisha ya mtu hayauzwi dukani. Hesabu ya namna hii ni hesabu ya hasara.

Lakini tuseme kweli. Lawama si ya mwenye mashua peke yake. Watu 12 waliozidi hawakubebwa kwa nguvu. Walipanda kwa miguu yao. Na watu 20 waliotangulia waliwaona wakipanda, wakanyamaza.

MAZUNGUMZO UFUKONI

Soma mazungumzo haya kwa sauti. Mmoja awe Mama, mwingine awe Nahodha, na mwingine awe Mzee.

MAMA: Nahodha, mwanangu, chombo chako kinachukua watu wangapi?

NAHODHA: Mama, wewe panda tu. Nafasi ipo.

MAMA: Sikuuliza nafasi. Nimeuliza idadi. Hapa ubavuni pameandikwa 20. Nimesoma mwenyewe.

NAHODHA: Mama, maandishi hayo ni ya zamani. Mimi naendesha chombo tangu sijaota ndevu.

MAMA: Vema, mwanangu. Nami nimehesabu. Waliomo ni 24.

NAHODHA: Si 24, mama. Hao wanne ni watoto. Mtoto si mzigo.

MAMA: Mtoto ni mtu. Mawimbi hayaulizi umri.

NAHODHA: Basi kama unaogopa, baki. Mashua nyingine itakuja kesho.

MZEE: Shikamoo si yako leo, nahodha, lakini nitakuheshimu kwa kazi yako. Mama huyu amesema kweli. Mimi nashuka. Vijana wawili wale nao washuke na baiskeli zao. Na yule mwenye magunia matano abakize matatu. Tukifika salama, utarudi kutuchukua.

NAHODHA: Mzee, mafuta je?

MZEE: Sisi tuliobaki tutakungoja, na nauli yetu ni ile ile. Ukizama utatuchukua na nini?

Ndugu msomaji, umeona kwamba Mama hakutukana. Mzee naye hakupiga kelele. Walihesabu, wakasema, na watu wengine wakawasikia. Mtu mmoja akisema peke yake huitwa mwoga. Watu wanne wakisema pamoja, nahodha atasikiliza.

DAFTARI LA MWALO

Sasa tumefika kwenye daftari.

Siku hizi vyombo vya majini hukaguliwa na shirika la serikali liitwalo TASAC. Chombo cha abiria kinapaswa kuwa na cheti cha ukaguzi, na maboya ya kuvaa yanayotosha watu wote. Hiyo ni kazi ya serikali, na ni kazi nzuri. Lakini mialo iko mingi, visiwa viko vingi, na mkaguzi hawezi kulala katika kila mwalo. Nani yupo mwaloni kila siku? Ni sisi wenyewe.

Kila mwalo unaweza kuwa na daftari la abiria. Daftari la kawaida la shule linatosha, pamoja na kalamu mbili. Chora mistari upate sehemu tano, hivi:

Ya kwanza: namba.
Ya pili: jina la abiria.
Ya tatu: kijiji anakotoka.
Ya nne: anakokwenda.
Ya tano: namba ya simu ya ndugu yake aliye nchi kavu.

Juu ya ukurasa andika tarehe, jina la chombo, jina la nahodha na saa ya kuondoka. Andika pia idadi ya watu inayoruhusiwa. Namba ya mwisho ikifikia idadi hiyo, funga daftari. Hakuna anayepanda tena.

Nahodha naye ahesabiwe. Mtoto aliye mgongoni aandikwe kwa jina lake. Mlevi aliyelala juu ya magunia aandikwe pia.

Jambo kubwa ni hili: daftari libaki nchi kavu. Lisipande mashua. Daftari likizama pamoja na watu, halina faida tena. Chombo kikichelewa, walio nchi kavu watafungua daftari na kujua mara moja ni watu wangapi wa kutafutwa, na ni nani wa kupigiwa simu.

Nani aandike? Kamati ya mwalo inaweza kuchagua watu wawili au watatu wa kupokezana. Mahali penye kikundi cha ulinzi shirikishi wa uvuvi, kiitwacho BMU, kikundi hicho kinaweza kusimamia. Si lazima mwandishi awe mwalimu au karani. Mtu aliyejifunza kusoma na kuandika mwaka huu anaweza kazi hii. Hata kama anaandika polepole, aandike. Afadhali mashua ichelewe kwa dakika kumi kuliko watu wasirudi kabisa.

Wapo wanaouliza, "Nimejifunza kusoma uzeeni. Kutanifaa nini?" Jibu mojawapo ni hili. Utasoma idadi iliyoandikwa ubavuni mwa chombo. Utaandika jina la jirani yako. Na nahodha hataweza kukudanganya.

HALI YA HEWA

Kuhesabu watu hakutoshi kama upepo ni mbaya. Watu wa ziwani mnajua kwamba mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na usiku hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Sababu yake ni kwamba ardhi hupata joto upesi na kupoa upesi kuliko maji. Usiku, hewa kutoka pande zote za ziwa hukutana juu ya maji na kupanda juu. Hapo hutokea mawingu mazito, radi na dhoruba. Ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwani huja usiku au alfajiri.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa kila siku, na redio huzitangaza. Sikiliza kabla ya kwenda mwaloni. Ukisikia onyo la upepo mkali na mawimbi makubwa, subiri. Mazao yakioza utalima tena. Dagaa wakilowa utavua tena.

IKIWA CHOMBO KIMEPINDUKA

Vaa boya kabla ya chombo kuondoka. Boya lililofungwa chini ya magunia halimwokoi mtu. Funga kamba zake vizuri, na mfunge mtoto lake kabla ya kufunga lako, mkiwa bado ufukoni.

Chombo cha mbao kikipinduka, mara nyingi huendelea kuelea. Shikilia chombo. Usijaribu kuogelea mpaka nchi kavu kama ni mbali, kwa maana nguvu zitakuishia njiani. Dumu tupu la plastiki lililofungwa kifuniko vizuri huelea, na mtu anaweza kulishikilia. Lakini dumu si badala ya boya.

Walio nchi kavu wapige simu upesi. Polisi ni namba 112. Zimamoto na Uokoaji ni namba 114. Waseme mahali, saa na idadi ya watu. Idadi hiyo iko wapi? Imo katika daftari.

DARAJA NA MELI

Tuwape pia habari za kutia moyo. Zamani, aliyetaka kutoka Mwanza kwenda Sengerema na Geita kwa gari alisubiri kivuko pale Kigongo. Foleni ilikuwa ndefu. Wagonjwa walisubiri, na mizigo ilioza. Tarehe 19 Juni 2025 daraja la kutoka Kigongo mpaka Busisi lilifunguliwa. Urefu wake ni kilometa 3. Limepewa jina la Rais John Magufuli. Sasa gari huvuka kwa dakika chache tu.

Katika bandari ya Mwanza Kusini imeundwa meli mpya, MV Mwanza. Ilishushwa majini Februari 2023. Imeundwa ili ibebe abiria 1,200 na mizigo tani 400. Meli ya zamani, MV Victoria, iliyotengenezwa mwaka 1961, ilikarabatiwa na kurudi kazini mwaka 2020.

Haya ni mambo makubwa, na tunayafurahia. Lakini daraja halifiki Ukara. Meli kubwa haiwezi kutia nanga katika kila mwalo wa Kome na Maisome. Watu wa huko wataendelea kupanda mashua na mitumbwi. Na hata meli kubwa yenye nafasi 1,200 inakuwa hatari ikibeba watu 1,500. Ukubwa wa chombo hauondoi haja ya kuhesabu.

Ndugu wasomaji, visiwani hakuna daraja, lakini daftari linaweza kuwapo. Bei yake haifiki nauli ya mtu mmoja. Anzeni mwezi huu katika mwalo wenu. Msingoje ajali ndipo muitishe mkutano.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. MV Bukoba iliruhusiwa kubeba abiria wangapi? Kwa nini haikujulikana idadi kamili ya waliokuwamo?

2. MV Nyerere ilipinduka mbali na nchi kavu au karibu? Tunajifunza nini?

3. Mashua inaruhusiwa kubeba watu 15. Wamo watu wazima 12, watoto 3, nahodha na msaidizi wake. Je, wamezidi? Wamezidi wangapi?

4. Kwa nini daftari la abiria libaki nchi kavu?

5. Katika mwalo wenu, nani anaweza kuandika daftari? Chagueni watu watatu leo, na muandike majina yao ubaoni.

MANENO YA KUJIFUNZA

Mwalo: mahali ufukoni ambapo mitumbwi hufika na kushusha samaki au abiria.
Gati: mahali palipojengwa ili meli au kivuko kisimame.
Ukingo: sehemu ya juu ya ubavu wa chombo, mahali maji huanza kuingia.
Boya la kuvaa: vazi linaloelea, ambalo humshikilia mtu juu ya maji.
Dhoruba: upepo mkali wenye mvua na mawimbi makubwa.

Ukimaliza kusoma, usikunjie sukari gazeti hili. Mpe jirani yako anayesafiri wiki hii. Kama hajui kusoma, msomee.

Safari njema, na tukutane mwezi ujao.